Mlango Wenye Sale

Tulipomzika Mama Aloisi, mapema mwaka huu, mvua ya mlimani ilikuwa inanyesha, ile isiyo na haraka, inayolowesha migomba kwanza ndipo ikumbuke watu. Baada ya mazishi tulikaa chini ya turubai na sahani zetu za ndizi nyama, na mwanamke mmoja wa ukoo, mwenye kitenge kipya na macho ya kupima, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Na wewe dada, ni nani kwa marehemu?" Ni swali la kawaida msibani. Kila aliyekuwa pale alikuwa na jibu lake: mkwe, jirani, mtoto wa ubatizo, mwenzake wa jumuiya. Mimi nilibaki na kijiko mkononi. Ndugu yake si mimi. Mkwe wake si mimi pia, maana mwanawe Aloisi sikuwahi kumwona hata siku moja, akiwa hai wala akiwa jenezani. Nilipofika Moshi alikuwa tayari amelala pale pale, karibu na shimo jipya tulilotoka kulifukia. Nikasema, "Nilikuwa nafanya kazi na Aloisi." Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Nilikuwa nimesema uongo na nilikuwa nimesema kweli.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule nilioajiriwa kukaa kwenye kiti chake. Habari za kwetu si za kueleza hapa. Inatosha kusema nilikulia kambi za mashamba ya miwa, huko tambarare, kwa watu waliotoka mikoa ya mbali, na mambo ya Wachagga niliyajua kwa kuyasikia tu. Ilikuwa miaka ile ambayo simu ya mkononi ilikuwa bado inaning'inizwa shingoni ionekane, na mtu akisema anakwenda kusoma barua pepe watu walimpisha njia. Ofisi yetu ilikuwa ya watu wa kahawa, wanaotafuta wanunuzi nje na kuwatumia habari za mizigo. Ilikuwa na ukumbi mmoja mrefu wa sakafu nyekundu iliyopigwa nta, na upande wa kushoto chumba cha kuonjea, ambako asubuhi watu wazima walisimama wakivuta kahawa kwa vijiko kwa kelele kisha wakaitema ndooni bila aibu. Harufu ya kahawa iliyokaangwa iliingia kwenye nywele, kwenye mkoba, hata kwenye shuka zangu kule kwenye chumba nilichopanga Majengo. Mpaka leo nikiisikia mahali, nageuka kutazama mwisho wa ukumbi, kama vile mlango ule bado upo.

Ulikuwa mlango wa mbao wa rangi ya kijani, wa kawaida tu, ila kwenye kitasa chake lilifungwa jani. Jani refu, limepigwa fundo, limeanza kukauka kwenye ncha. Chini ya mlango ulipita mwanga mdogo wa kumetameta, na ukikaribia ulisikia kitu kinavuma ndani, taratibu, bila kupumzika. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza Teodora, katibu muhtasi wetu, mama wa makamo aliyejua kila kilichowahi kusemwa ndani ya jengo lile.

"Hapo ndipo alipokuwa anakaa Aloisi," alisema. "Mitambo yote ya mtandao imo humo."

"Basi nipe ufunguo, dada."

"Ufunguo upo." Akalitazama lile jani. "Na sale je?"

Akanieleza huku anamimina chai ya tangawizi, kwa subira ya mtu anayemfundisha mgeni mahali choo kilipo. Sale ni mmea ambao Wachagga huupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu ukampelekea jani lake, hana budi kukusikiliza. Likifungwa kwenye kitu, kitu hicho hakiguswi mpaka aliyelifunga alifungue. Aloisi alikufa ghafla, gari lilipinduka Bomang'ombe akitokea Arusha. Baada ya mazishi mama yake alikuja na baba mdogo wa marehemu kuchukua vitu vyake. Aliingia mle, akakaa muda, akatoka mikono mitupu, akasema hakuna kugusa wala kuzima chochote mpaka atakapokuwa tayari. Baba mdogo akafunga sale. "Na bado hajawa tayari," Teodora alisema, akanisogezea chapati. Mimi nilidhani ni jambo la wiki moja.

Nilichokuta ofisini kilikuwa kazi ya mtu nadhifu kupita kiasi. Waya zilifungwa kwa mafungu, kila moja na kikaratasi chake, mwandiko mdogo uliolala upande wa kulia. Kompyuta zote alikuwa amezipa majina ya ndizi. Ya Teodora iliitwa mlali, ya chumba cha kuonjea mshare, na ya mkuu wetu, Mzee Lyimo, iliitwa kitarasa, ile ndizi ngumu isiyolainika haraka, na hakuna aliyethubutu kumweleza kwa nini. Nilicheka peke yangu chini ya meza, na nilipocheka nikahisi kuna mtu amefurahi kwamba nimeelewa mzaha wake. Nilitoka chini ya ile meza haraka. Watu wa ofisi nao walikuwa wanateleza ulimi. "Aloisi, hebu njoo," mtu anaita kutoka chumba cha pili, halafu, "Yusta, samahani." Nilikuwa naitika. Sijui kwa nini nilikuwa naitika, lakini niliitika mwaka mzima.

Shida ilianza baada ya mvua za masika, na kwa asiyejua mambo haya nitaieleza kwa ufupi. Mtandao haujui majina, unajua namba. Ukiandika jina la kampuni ya mnunuzi, lazima iwepo mashine ya kuulizwa: huyu namba yake ni ipi? Ikijibu, barua yako inakwenda. Isipojibu, unabaki unautazama ukurasa mweupe. Mashine yetu ya kuulizwa ilikuwa mle chumbani kwa Aloisi, na yeye, kwa ubahili wake wa kulinda njia nyembamba tuliyokuwa nayo, alikuwa ameziba vichochoro vyote vingine. Kila swali la ofisi nzima lazima lipite kwake. Hata umeme ulipokatika haikuzimika, kwa sababu alikuwa ameiunganisha na betri za lori. Ilikuwa inaendelea na kazi tangu asubuhi ile aliyoondoka akaufunga mlango. Sasa ikaanza kujibu na kutojibu. Asubuhi shwari, kabla ya mchana hakuna jina linalopatikana, alasiri majina yanarudi yenyewe, na ukiita mtu aje ashuhudie, inajibu vizuri kama haijawahi kukosea. Ingekufa moja kwa moja ningejua la kufanya. Ugonjwa wa kuja na kwenda ndio unaokula mtu akili.

Nilibadilisha waya. Nilipanda juu ya paa kukagua antena, Mlima ukiwa wazi mbele yangu na theluji yake, nami sina nafasi ya kuutazama. Nilijaribu kuita kompyuta za mbali kwa namba zao, zikaitika zote. Nikaziita kwa majina, nikasubiri, nikasubiri. Kwa hiyo njia ilikuwa nzima, ila anayejua majina ndiye aliyekuwa na matatizo. Na ofisini maneno yakaanza. Siku moja nilikuwa nimesimama nje ya chumba cha chai na kikombe changu, nikasikia dereva anasema ndani, "Huyu jamaa hajaondoka. Akikasirika anafunga." Mtu akauliza kamkasirikia nani. "Si huyo aliyewekwa kwenye kiti chake." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu ambao hawatanii sana. Nilirudi mezani na kikombe kitupu. Niliumia, na zaidi ya kuumia niliogopa, maana mimi mwenyewe, mwenye cheti changu cha kompyuta, nilikuwa nimeshaanza kupita karibu na mlango ule kwa kunyata.

Ipo amri ambayo fundi huiandika akitaka kujua ni mashine gani inayomjibu. Sijui kwa nini nilikaa miezi yote ile bila kuiandika. Labda nilijiona nimeshajua. Niliiandika asubuhi moja ya baridi, kioo kikaandika jina la anayejibu: manka. Nilitafuta kwenye ndizi zote nilizozijua, sikuipata. Nikamuuliza Teodora, manka ni ndizi gani? Aliacha kupiga chapa. "Manka si ndizi," alisema polepole. "Ni jina la mama yake." Kule mwisho wa ukumbi ile sauti iliendelea kuvuma.

Mzee Lyimo alikuwa amesoma Ulaya, alivaa tai hata Jumamosi, na hakuwa mtu wa kubembeleza wala kubembelezwa. Aliniita ofisini kwake mwezi ule kahawa ilipoanza kuiva. "Binti," alisema, "msimu unafunguliwa. Wanunuzi wakikosa barua zetu tena, nitaita kampuni nyingine ije na antena yake na mitambo yake na fundi wake. Hapo mimi na wewe tutaagana vizuri." Nilijua maana yake ni kumwaga unga na kurudi kwenye miwa. Nikajikaza. "Basi mzee, turuhusu tufungue mlango. Nahitaji muda mfupi tu mle ndani." Aliinama akazitazama kalamu zake. Nilitegemea anigombeze kwamba ofisi ya kisasa inazuiwa na jani. Kwa kweli nilitaka anigombeze, ili nami niseme. "Nilikuwepo lilipofungwa," alisema. "Yule mama alinitazama, nami nikampa neno langu mbele ya watu. Mlango wenye sale mimi sifungui. Na hapa hakuna atakayekufungulia." Alikuwa na shahada mbili ukutani nyuma yake, na alimaanisha kila neno.

Nikapiga simu Arusha, kwa kampuni iliyokuwa inatuuzia mtandao, kwa kukata tamaa tu. Aliyepokea alikuwa kijana mchangamfu anayeitwa Hemedi. Nikamweleza dalili. Hakunisubiri nimalize.

"Dada, mbona hilo nilishamwambia Aloisi? Mashine yenu inatumia namba mbili za kuulizia majina kwetu. Ya kwanza nilimwambia tunaifunga karibuni, nikampa mpya. Alikuja hapa mwenyewe. Akasema atabadilisha kesho yake, maana anawahi nyumbani. Mwambie asijifanye amesahau."

"Aloisi amefariki, kaka."

"Amefariki lini?"

"Akirudi kutoka kwako," nikasema. Nilikuwa nimelijua hilo wakati ule ule nilipolitamka. "Bomang'ombe. Hakufika nyumbani."

Nilisikia watu wanazungumza nyuma yake, mlango unafungwa, gari linapiga honi huko Arusha. Mwishowe akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Andika basi namba." Akanitajia taratibu, tarakimu moja moja, nami nikaandika. Kumbe ndiyo hiyo. Ile mashine ilipouliza namba ya pili ilipata jibu, na ilipoielekea ya kwanza ilikuwa inamwuliza mtu asiyekuwepo, inangoja, inangoja, mpaka muda unakwisha. Hakukuwa na hasira wala laana. Ilikuwa kazi ya kesho ya mtu ambaye kesho yake haikufika. Ningepaswa kupata nafuu kwa kuujua ugonjwa, lakini tangu nilipoweka simu chini ule uvumaji haukuwa tena sauti ya mashine masikioni mwangu. Nilikuwa namsikia mtu anayeuliza.

Neno la siri la kuingilia Aloisi alikuwa ameondoka nalo kichwani. Kubadilisha ile namba kulihitaji mtu aingie chumbani, aizime mashine, aiwashe kwa njia ya mafundi isiyodai neno hilo, ndipo aifute namba. Kwa hiyo hakukuwa na njia isiyopita kwa mama yake. Mzee Lyimo alipoyasikia alikata sale kwenye mpaka wa kihamba chake mwenyewe, shamba la ukoo wake, akalifunga fundo, akaniletea limeviringishwa kwenye gazeti. "Usilitoe, mwanangu, mpaka akukaribishe na yeye mwenyewe aketi," aliniambia, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu.

Tulipanda Kibosho, kwao Aloisi, siku ya Jumamosi, mimi na Teodora, kila mmoja na kilo yake ya sukari. Ukungu ulikuwa umekaa ndani ya migomba. Mifereji ilikuwa inapiga kelele kila upande, na mibuni chini ya migomba ilikuwa imejaa matunda mekundu ambayo mtu alipaswa kuwa ameshaanza kuyachuma. Mama Aloisi tulimkuta jikoni anamenya ndizi, vidole vimeshakuwa vyeusi kwa utomvu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye sweta la kiume lililomfika magotini. Sikuhitaji kuuliza sweta lilikuwa la nani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti cha Aloisi." Hakuwa anauliza. "Kaeni. Moto uko huku."

Teodora alishika mazungumzo, habari za kahawa, za baridi, za paroko mpya. Mama aliitikia huku anakata nyama ya mtori vipande vidogo. Alipoketi mwishowe, nikatoa sale kwenye gazeti, nikampa kwa mikono miwili. Alilipokea akaliweka mapajani. Hakulifungua.

"Bado inafanya kazi?" akauliza.

"Inafanya, mama."

"Haijazimika tangu alipoiacha?"

"Haijazimika hata mara moja."

Alifumba macho. "Nilipokwenda chumbani kwake mjini, kitanda kilikuwa baridi. Nguo baridi. Viatu vyake nilivitia mkono ndani, baridi. Nikaja pale kwenu, nikagusa kile kitu, kikawa cha moto. Nikasema hiki wasinizimie." Akanitazama. "Mnaniona sina akili."

"Hapana, mama," nikasema. Nilikuwa nimepanda mlima na maelezo yangu yamepangwa, habari za namba na majina na msimu na kazi yangu. Kazi nilikuwa naihitaji, sitasema uongo. Lakini nikiwa pale kwenye kigoda, moshi machoni, niliona ninachokwenda kumwomba huyu mwanamke. Namwomba aruhusu mwanawe apoe mara ya pili. Ni Teodora aliyenisukuma kwa kiwiko, ndipo nikamweleza habari za Arusha: kwamba siku ile ya ajali Aloisi alikuwa amepewa namba mpya, kwamba alisema ataibadilisha kesho yake kwa sababu anawahi nyumbani, na kwamba mashine tangu hapo inauliza mahali ambapo hakuna mtu.

Mtori ulichemka ukamwagikia motoni, na hakuna aliyeinuka.

"Alikuwa anawahi kwangu," alisema. "Nilimwambia aje tuchinje mbuzi aliyeletwa na ndugu yake." Kisha akaongeza: "Kwa hiyo kuna kazi aliiacha."

"Moja, mama. Ndogo."

"Na ukiizima, itawaka tena?"

Teodora alinifinya paja. Alitaka niseme ndiyo. "Sijui," nikasema. "Imekaa muda mrefu bila kupumzika. Nyingine zikizimwa haziwaki tena."

Alinitazama mpaka nikainamisha uso. Halafu akainuka, akaukoroga mtori, akatupakulia. Ulikuwa mtori mzito wenye mafuta ya kutosha, mtamu kuliko wowote niliowahi kuonja tangu hapo. Tulipoaga hakuwa ametoa jibu. Alitusindikiza mpaka mferejini, sale bado liko mkononi mwake, ndipo akasema, "Kama kazi ni ya mwanangu na haijaisha, asiimalize mtu mwingine. Nitashuka mwenyewe."

Alishuka Jumatatu, na gauni la kanisani, pamoja na baba mdogo aliyelifunga sale, mzee mkimya mwenye kofia ya pama aliyeishika mkononi muda wote. Chumba cha kuonjea kilitoka kizima, na vijiko vyao. Mzee Lyimo alisimama mlangoni kwake. Baba mdogo akalifungua lile jani kavu, likavunjikia kiganjani, akavitia vipande mfukoni. Ufunguo ukazunguka. Ndani kulikuwa na joto la kukaa muda mrefu, vumbi, na harufu ya waya. Kikombe cha chai kilichoota ukungu. Koti la mvua nyuma ya mlango. Kiti kilichosogezwa pembeni, jinsi mtu anavyokiacha akijua anarudi. Na kwenye kona, ikimetameta, ile mashine, ndogo kuliko nilivyoifikiria miezi yote ile.

Mama aliweka kiganja juu yake kama unavyompima mtoto homa. Nikawasha kioo, na juu ya mahali pa kuandikia neno la siri jina lake likatokea. Alilisoma kwa sauti. "Aliniambia kuna mashine ofisini ina jina langu," alisema. "Nikadhani ananitania." Kisha akaniuliza inazimwa wapi, nikamwonyesha kitufe, akakibonyeza mwenyewe.

Sikuwahi kujua ni kiasi gani nilikuwa nimeizoea ile sauti mpaka iliponyamaza. Ilinyamaza ukumbi mzima, ikanyamaza ndani ya mifupa yangu. Hapo nililia, mimi nisiyemjua, mbele ya watu waliomjua. Teodora naye alikuwa analia, na dereva aligeukia ukutani. Mama Aloisi peke yake hakulia. Alikuwa ameacha kiganja pale pale juu ya bati, anasubiri, nami nikajua anachopima. "Washa sasa," aliniambia, "kabla haijapoa."

Nikawasha. Ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena kwa sauti mbaya, na nilimwona baba mdogo ameiweka kofia kifuani. Kisha taa ikashika, feni ikazunguka, maandishi yakaanza kushuka kwenye kioo. Nilipopata njia ya kuingia nikamkalisha mama kwenye kiti cha mwanawe, nikampeleka mpaka kwenye ule mstari. Alifuta namba ya zamani kwa kidole kimoja, tarakimu baada ya tarakimu. Nikamsomea mpya, ile ya Hemedi, akaiandika kwa nguvu, kila kitufe kama anachoma sindano. Akauliza, "Imekwisha?" Nikasema imekwisha, mama. "Haika, mwanangu," akasema. Ni asante ya kwao. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye mashine, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake, na mpaka leo sijui alikuwa anamshukuru nani kati yetu.

Barua za wanunuzi zilianza kuingia kabla hajamaliza chai aliyopikiwa na Teodora. Msimu ukafunguliwa, mimi nikabaki. Majina hayakukwama tena msimu ule, na watu taratibu wakaanza kuniita Yusta mara ya kwanza wanapoita. Ningeweza kusema kwamba yaliishia hapo. Lakini mwaka uliofuata, ile mashine ilipozeeka kweli na ikabidi iondolewe, nilishika kitufe nikashindwa. Nilipanda Kibosho na kilo ya sukari nikamwomba ruhusa. Alicheka, mara ya kwanza kumwona anacheka. "Zima, mwanangu," alisema, "lakini usikawie." Mpya nikaipa jina lile lile. Na ikawa hivyo. Ofisi ilibadilisha wenyewe, ikabadilisha jengo, Mzee Lyimo akastaafu, Teodora akahamia kwa binti yake Dodoma. Mashine zikaja zikaondoka, zote zikiitwa manka, na hakuna iliyozimwa kabla sijapanda kuomba. Mafundi vijana ninaowasimamia sasa hunitania kwamba mimi ndiye mtaalamu pekee nchini anayepeleka sukari kwa ajili ya kompyuta. Nawaacha watanie.

Wiki iliyofuata baada ya mazishi nilirudi kazini na matope ya Kibosho bado kwenye viatu. Mashine mpya ilikuwa imeshafika, iko sandukuni mwake, na ya zamani ilikuwa imeanza kuchoka; majina yalikuwa yanakwama tena, yanakuja na kuondoka. Neema, fundi wangu mdogo kuliko wote na mtaniaji kuliko wote, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mitambo na wenzake wawili. Hawakuwa wanacheka. Nilipita katikati yao, nikaweka kiganja juu ya ile mashine. Ilikuwa ya moto. Nikaandika amri, jina likatokea, na nikalitazama mpaka herufi zikachanganyikana, kwa sababu nilikuwa nimeshafikiria njia ya kupanda, na mfereji, na jiko lake, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kule hakuna tena wa kumwomba.

"Dada Yusta," Neema akasema nyuma yangu, kwa sauti ndogo. "Tuzime?"

Niligeuka. Walikuwa wananitazama, wote watatu, wananisubiri mimi.

"Zima, mwanangu," nikasema. "Lakini usikawie."